Soma Hadithi ya Jina Mpaka Mwisho

Ukikaa na akina mama wa Kisumu wanaomwandalia mwenzao zawadi za mtoto, hutakosa mmoja mwenye orodha ya majina kwenye simu. Zamani orodha hiyo ilitoka kwenye kalenda ya watakatifu, halafu ikatoka kwenye tamthilia za Kimeksiko. Sasa ni zamu ya miungu: Athena, Freya, Luna, Persephone. Kila jina lina maelezo mafupi kando yake, "hekima", "uzuri", "mwezi", basi. Wanaulizana lipi tamu.

Sina ugomvi na majina ya kutoka mbali. Ugomvi wangu ni na hayo maelezo ya neno moja. Jina la kisasili lina mwenyewe, na mwenyewe ana yaliyompata. Mtoto ataliitika kwa sababu ni tamu, kisha siku moja atalitafuta kwenye intaneti na kusoma. Afadhali mama awe amesoma kwanza, tena mpaka mwisho.

Chukua Daphne, jina lililozoeleka huku kwetu kiasi kwamba hakuna anayeliona geni. Kwa Wagiriki, Daphne alikuwa binti wa mungu wa mto. Mungu Apollo akamtaka, yeye hakumtaka Apollo, akatoka mbio. Alipoona anakaribia kushikwa akamlilia baba yake, na baba akamwokoa kwa kumgeuza mti. Huo ndio wokovu wenyewe. Hata hapo Apollo hakukoma: alichuma majani ya ule mti akajifanyia taji. Cassandra naye aliponzwa na Apollo huyohuyo. Alipewa kipaji cha kuona yajayo, akakataa kulala na aliyempa, akalaaniwa awe anasema kweli na asiaminiwe na mtu. Aliwaonya watu wa Troy kuhusu yule farasi wa mbao, wakamwona amerukwa na akili. Mji ukateketezwa, yeye akachukuliwa mateka na kuuawa ugenini. Medusa, kwa masimulizi ya Ovid, mshairi wa Roma, alinajisiwa na mungu wa bahari ndani ya hekalu, na aliyeadhibiwa ni yeye. Nywele zake zikawa nyoka. Mwenye hekalu, na aliyetoa adhabu, ni Athena. Ndiyo maana hata Athena na hekima yake namtazama kwa jicho la pembeni.

Persephone anahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndilo jina ambalo mdogo wangu aliyeolewa Nakuru alikuwa ameling'ang'ania. Binti huyu alikuwa akichuma maua, Hades, mungu wa kuzimu, akamnyakua na kuzama naye ardhini. Mama yake ni Demeter, mwenye nafaka zote. Demeter alimtafuta kila pembe, na alipojua kwamba Zeus, baba wa mtoto, ndiye aliyekuwa ameridhia mpango huo, akagoma. Hakuna mbegu itakayoota mpaka binti yake arudi. Njaa ikatanda, miungu ikakosa sadaka, Zeus akasalimu amri. Lakini Persephone alikuwa ameshaonja punje za komamanga kule chini, na anayekula chakula cha kuzimu hana budi kurudi. Basi kila mwaka anarudi kwa muda, na kwa muda huo mama haoteshi kitu. Mwanamke yeyote wa Vihiga au Kakamega aliyewahi kukaa Machi nzima akitazama mawingu huku mbegu ziko ghalani atamwelewa Demeter upesi. Shujaa wa hadithi hiyo ni mama. Ningempa mtoto jina la Demeter kabla ya Persephone, ila najua mtaani lingekuwa "Dimita" na watu wangedhani ni kitu cha kampuni ya umeme.

Wapo wanaopita mtihani wangu. Iris ni mjumbe wa miungu na upinde wa mvua ni wake. Anatumwa, anafikisha, anarudi, na hadithi haimtaki ateseke ili ipendeze. Penelope alimngoja mume miaka 20, na wanaume waliojazana nyumbani kwake wakitaka kumwoa aliwazungusha miaka 3 kwa hila moja: mchana anafuma sanda ya baba mkwe, usiku anaifumua. Atalanta alitupwa porini na baba aliyetaka mtoto wa kiume, akanyonyeshwa na dubu, akakua mkimbiaji asiyepitwa na mwanamume yeyote, hadi mmoja alipomtupia matufaha ya dhahabu njiani, naye akainama kuyaokota akashindwa. Hili mdogo wangu alilichangamkia kidogo: jina la mkimbiaji, nao wako Nakuru. Nikamkumbusha kwamba kaunti yao imetoa Faith Kipyegon wa Keringet, dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara 3 mfululizo, Rio, Tokyo na Paris. Huyo mtupie tufaha la dhahabu atalirukia, aje kulichukua akishamaliza. Mwite Faith basi, nikasema. Akanuna.

Tena jina halikai kwenye cheti tu. Litaitwa na muuguzi siku ya chanjo, na mwalimu wa chekechea, na dani, yaani bibi, kijijini. Sita wa Wahindu, mke wa Rama, aliyepita motoni kuthibitisha uaminifu wake, darasani ataulizwa saba yuko wapi. Kali anatisha mashetani, lakini huku kila geti la pili limeandikwa "Mbwa Kali". Pele, mwenye volkano za Hawaii, kwetu ni ugonjwa wa ngozi, na mtoto akibahatika sana atadhaniwa kapewa jina la mchezaji wa Brazil. Mara mojamoja lakini mtaa hubariki: Hera, malkia wa miungu ya Kigiriki, mwanamke mwenye wivu usio na mfano, akifika Kisumu anageuka upendo, maana ndivyo hera ilivyo kwa Kijaluo. Dani atalipokea siku hiyohiyo bila kuuliza habari za Zeus na michepuko yake.

Halafu kuna majina ambayo orodha hizi huyachanganya na mengine kana kwamba yote ni hadithi za kale tu. Durga na Saraswati, miungu wa kike wa Kihindu, wana waumini hapahapa Kisumu, majirani zetu wa siku nyingi wanaofunga na kucheza usiku msimu wa Navratri ukifika. Osun wa Wayoruba ana mto na msitu wake Osogbo, Nigeria, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2005, na watu bado huenda kumwomba watoto. Sisemi usilichukue jina hilo. Nasema kwa mwenyewe ni ibada, na adabu ni kuuliza kabla ya kubeba. Mwenye duka unayenunua kwake nguo za mtoto huenda akakueleza Saraswati vizuri kuliko orodha yoyote.

Mchungaji wa mdogo wangu aliposikia Persephone alisema habatizi jina la sanamu. Hapo nilijikuta namtetea Persephone, jambo ambalo sikulipanga. Makanisa ya Nyanza na Bonde la Ufa yamejaa akina Diana na akina Cynthia, wengine wako kwenye kwaya. Diana ni mungu wa uwindaji wa Roma, ambaye Wagiriki walimwita Artemi, yuleyule ambaye katika Matendo ya Mitume sura ya 19 umati wa Efeso ulimpigia kelele, "Artemi wa Waefeso ni mkuu!" Cynthia ni huyohuyo kwa jina la mlima Cynthus, alikozaliwa kisiwani Delos. Na Fibi ambaye Paulo anamkabidhi kwa Warumi, sura ya 16, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, alikuwa na jina la bibi yake Apollo. Paulo hakumwambia alibadilishe. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, na padre mwenye busara anaweza kunyoosha hapo pakubwa. Sababu za kumkataa Persephone zipo, lakini si hiyo ya mchungaji.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba mdogo wangu alikuwa anahangaika bure. Mume wake ni Mkikuyu, na huyu ni binti yao wa kwanza. Kwa desturi mtoto anachukua jina la mama mzazi wa baba, na mama huyo anaitwa Wangari. Jina la kisasili limeshapatikana. Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, pale Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, walizaa mabinti watupu: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari na wenzao, tisa waliotimia, na wa kumi, Wamuyu, ambaye katika kuhesabu husemwa hahesabiwi. Vijana wa kuwaoa walitoka kwenye sadaka chini ya mti, na koo zote zikaitwa kwa majina ya hao mabinti. Hapa hakuna aliyegeuzwa mti. Simama kwenye stendi ya Nakuru uite "Wanjiru!" na visasili vitageuka kukutazama kutoka kila kibanda cha chai. Tumezizoea mno hizi kuziona. Wangari mmoja, Maathai, alipokea Nobel ya amani mwaka 2004 na sikumbuki mtu akisema amepewa jina la kishujaa la kisasili, ingawa ndivyo.

Huku magharibi kuna Sela. Wabukusu husimulia kwamba Wele Khakaba, Mungu wao, alimuumba mtu wa kwanza, Mwambu, na mwanamke wa kwanza, Sela. Nashangaa orodha hizi zinavyompa Pandora nafasi, mwanamke wa kwanza wa Wagiriki aliyeletwa duniani kama adhabu na kulaumiwa kwa kila ugonjwa, na kumwacha Sela, ambaye hakuletwa kumwadhibu mtu. Ni silabi mbili. Muuguzi hataliharibu, Ulaya watalitamka, kukhu, bibi wa Bungoma, atatabasamu. Sela Wangari ndilo nililompelekea mdogo wangu. Kasema ni la kizee. Siku tatu baadaye kalituma kwa mume wake bila kunitaja, nami nimenyamaza.

Zamu yetu sisi Wajaluo ndiyo inayonikera. Watoto wetu tunawapa majina ya saa na majira, Akinyi wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Akoth wa mvua, na wazee walikuwa na utaratibu wao wa jina la juogi: mtoto akilia bila kunyamaza, yatatajwa majina ya marehemu mmojammoja hadi atulie kwa lile analolitaka. Watu wanaojali jina kiasi hicho wangewezaje kuwasahau wanawake wa mighani yao? Luanda Magere wa Kano, shujaa wa vita mwenye mwili wa jiwe, anajulikana na kila mtoto wa shule. Gor Mahia, yule mganga wa miujiza, ana klabu ya mpira tangu 1968. Lakini mke wa Luanda, binti wa Lang'o (Wanandi) aliyeolewa kwa adui, akatumwa kukata kivuli ili kutibu mwili, akaona damu, akatoka usiku kwenda kuwaambia watu wake siri ya mume, nimesimuliwa tangu utotoni bila jina. Kwa kwao huyo ni shujaa wa vita. Hata Kit Mikayi, lile jabali la Seme lililo njia ya Bondo, limeshika cheo cha mke mkubwa, ndiyo maana ya mikayi, mwenyewe hatajwi.

Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi fukara wa Gwassi, anajulikana jina na jina la baba yake. Bikizee aliyenaswa kwenye nyavu zake, akamtajirisha kwa ng'ombe, na siku alipotukanwa na mume mlevi akaondoka na zizi zima kurudi ziwani, ni "yule mwanamke". Kule Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, kijiji kizima kilimfukuza kikongwe usiku wa mvua kwa sababu kilikuwa kwenye ngoma, na mama mmoja tu akampokea, akamkoka moto, akampa chakula. Kijiji kikazama, kukawa ziwa. Mama huyo akaokoka. Mtoto wangu angetokea msichana mwingine, huyo ndiye ningemrithisha. Kwa hiyo kama una dani wa Gwassi, Kendu Bay au Kano anayewataja wanawake hawa kwa majina yao, muulize kabla ya Krismasi, uniandikie na jinsi linavyotamkwa.