Sista mmoja, milango minne

Jamani, kidole gumba cha mguu kilikutana na jembe Jumamosi, Jumatatu kimevimba kama kitumbua. Nikaita bodaboda, zahanati hiyo.

Zahanati yetu nzuri, tusiisingizie. Bati jipya, na milango minne: Mapokezi, Mganga Mfawidhi, Maabara, Dawa. Nikasema leo nimefika kwa wataalamu.

Mapokezi nikamkuta sista. Jina, umri, kitongoji. "Baba, msubiri mganga." Nikasubiri. Mlango wa mganga ukafunguka: sista yule yule.

"Jina?"

"Si nimekutajia sasa hivi?"

"Pale nilikuwa mapokezi, baba."

Akataka nipimwe sukari. Mwenzenu nachechemea kwenda maabara, yeye kapita mlango wa nyuma, keshavaa glavu ananisubiri! Kabla hajanisafisha kidonda, akaletwa mama ana uchungu wa uzazi. Sista akanibandika pamba mkononi, "shikilia hapo", akatoweka. Nimeshikilia saa mbili nzima. Hata kumlaumu nashindwa. Mtoto kazaliwa salama, na dirishani kwenye dawa tukakutana tena, jasho linamtiririka. Jina nikataja kabla hajauliza.

Kurudi, namlalamikia kijana wa bodaboda. Akacheka. "Mzee, ikama ya wizara ya 2014, ule mpango wa idadi ya watumishi, ilitaka zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache."

"Wewe umeyajuaje?"

"Nina stashahada ya utabibu. Miaka mitatu chuoni."

Kumbe asubuhi nilipakiwa na tabibu kwenda kutafuta tabibu! Nikamuuliza, nafasi si zipo? Akasema nafasi zipo, kibali cha ajira ndicho hakuna, na kibali kinasubiri bajeti ya mishahara. Kila ajira zikitangazwa anaomba, majina yakitoka anasoma ya wenzake. Mnakumbuka 2016 tulivyohesabu watumishi hewa mpaka ajira zikasimama? Wale walikuwa na mshahara bila mwili. Huyu ana mwili mzima, mshahara ndio hewa.

Sista alishaniambia Alhamisi nisiende kubadilisha bandeji, anapeleka ripoti ya mwezi wilayani.

"Nani atabaki?"

"Mlinzi."

Nikamweleza kijana. Akasimamisha pikipiki, akainama akakikagua kidole, akakibonyeza pembeni taratibu, akaniuliza kama usiku kinapwita.

"Usikiloweshe, mzee. Alhamisi nipigie, nitakuja kukufunga mwenyewe. Nauli ile ile."