Ondoeni kioo mbele ya kinyonga

Jumamosi jioni nilitumiwa video na kijana mmoja wa nyumbani ambaye, kama mimi, anaishi huku kaskazini mwa Ujerumani na ameanza kufuga kinyonga. Dume wake ana asili ya Ambilobe, eneo la kaskazini mwa Madagaska, amezalishwa na mfugaji wa huku huku, na umri wake ni miezi saba. Katika video hiyo mnyama amekishika kijiti mbele ya kioo cha kunyolea ndevu, amejibana mbavu akawa bapa kama jani, koo limetanuka, kinywa ki wazi, na mistari ya ubavuni inawaka nyekundu na njano. Nyuma yake inasikika sauti ya kijana huyo: "Dada, umeiona hiyo rangi?" Nilimpigia simu hapo hapo. Nakiri kwamba sauti yangu ilipanda, kwa sababu aliniambia kioo kile kimo kizimbani tangu asubuhi, na kwamba ni muuzaji aliyemshauri akiweke kila siku ili mnyama aive rangi mapema.

Rangi ya kinyonga haiivishwi kwa kioo. Kinyonga wa aina hii, aitwaye kitaalamu Furcifer pardalis, ambaye kwao ni pwani ya kaskazini na mashariki ya Madagaska, Bukini ya wazee wetu, huanguliwa akiwa na kahawia iliyochanganyika na kijivu, dume na jike wakifanana, na hukaa hivyo kwa miezi kadhaa. Mistari ya dume huanza kujitokeza anapofikia miezi minne, mitano au sita, kisha rangi hukolea polepole kadiri anavyokua na kujivua ngozi, na wapo wasiokamilika mpaka mwaka mmoja na nusu. Dume wangu, ambaye asili yake ni kisiwa cha Nosy Be, nilimpata akiwa na urefu wa kidole changu cha kati. Alipokuwa na miezi minane, asubuhi moja nilikuta ngozi yake kuukuu ikining'inia vipande vipande, myeupe na myepesi kama ganda la kitunguu, na nyuma ya jicho, pale ilipokwisha kubanduka, palikuwa na doa la samawati lisilozidi punje ya mtama, ambalo jana yake sikuliona. Nilichokuwa nimempa ni taa yenye mionzi ya urujuanimno, maji ya kunyunyiziwa majani, nyenje walioshiba vizuri, na utulivu.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, katika maabara ya Michel Milinkovitch, walieleza jinsi ngozi hiyo inavyofanya kazi. Ndani yake zimo seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini, kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe, zilizopangwa kwa mpangilio maalumu. Kinyonga akiwa ametulia, fuwele hizo hukaa karibu karibu na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukichanganyika na rangi ya njano iliyomo ngozini huonekana kijani. Akisisimka au kughadhibika, fuwele huachana, na kijani hugeuka njano au machungwa, huku sehemu nyekundu zikizidi kung'aa. Tabaka hilo la seli hukamilika kwa dume aliyekomaa. Kwa watoto na kwa majike ni jembamba. Hakuna kioo kinachoweza kuliongezea unene.

Hata hivyo, linaloniuma zaidi ni kile ambacho mnyama yule alikuwa akikisema. Rangi ya kinyonga ni kauli, na kauli ya dume anayewaka mbele ya dume mwingine ni kwamba yuko tayari kupigana. Russell Ligon na Kevin McGraw, wakiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, waliwapima madume ya kinyonga wa Yemeni wanaofugwa, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba aliyekuwa na mistari ang'avu zaidi ndiye aliyeelekea kumwendea mwenzake, na ambaye kichwa chake kilibadilika haraka na kung'aa zaidi ndiye aliyeelekea kushinda. Mwaka uliofuata Ligon akaeleza upande wa pili: anayeshindwa hujitia weusi, na weusi huo humwambia mshindi kwamba ugomvi umekwisha, amwache aende zake. Sasa mfikirieni dume wa miezi saba mbele ya kioo. Anang'aa, na adui naye anang'aa kwa kiasi kile kile. Anatanua koo, na adui naye anatanua. Akichoka akajitia weusi kuomba amani, mwenzake naye anaomba amani kwa wakati ule ule, na hakuna anayeondoka, kwa sababu hakuna pa kuondokea. Maneno yote aliyopewa na maumbile ameyatumia, na yote yanamrudia mwenyewe, tangu asubuhi mpaka taa inapozimwa.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Nilikulia Lushoto, ambako vinyonga tuliwakuta kwenye ua wa miti nyuma ya jiko, na siku moja sisi watoto tulimweka mmoja juu ya kanga nyekundu ya mama, tukamzunguka tukisubiri awe mwekundu. Alizidi kuwa mweusi. Tulimgeuza, tukamsukuma kwa kijiti, tukasema ameshindwa. Miaka mingi imepita ndipo nikajua kwamba hakuwa akijaribu kufanana na kanga; alikuwa akituambia, kwa namna pekee aliyokuwa nayo, kwamba anaogopa. Imani kwamba kinyonga huvaa rangi ya mahali alipo tumelelewa nayo, na hata katika siasa jina lake tumelifanya tusi la vigeugeu, ilhali rangi yake hufuata zaidi joto la mwili wake, afya yake na hali ya moyo wake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba muuzaji anahitaji kumwonyesha mnunuzi rangi ya dume aliyekomaa, na kwamba sekunde chache mbele ya kioo kwa ajili ya picha moja hazitamuua. Nakubali pia kwamba wanaochagua wazazi wenye rangi nzuri kizazi baada ya kizazi wanafanya kazi halali, na kila mtoto anayezaliwa kizimbani anaweza kumwokoa mwenzake asitolewe msituni. Wanaochanganya asili ya Ambilobe na ya Nosy Be bila kumwambia mnunuzi, hao siwatetei.

Na majike tusiwasahau. Jike aliyebeba mayai hugeuka kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi, akiwa na alama za machungwa au waridi, na kwa rangi hiyo humwambia dume asimkaribie. Nimewahi kusikia mfugaji akisema jike wake "ameharibika rangi", kisha akamwingizia dume ili "amchangamshe". Jike yule alikuwa amekwisha kusema anachotaka, tena waziwazi.

Kijana wangu alikitoa kioo usiku ule ule. Jumatatu aliniandikia kwa wasiwasi: "Dada, amerudi kuwa kahawia, mistari imefifia, anakaa tu karibu na taa. Si anaumwa huyu?" Nilimwuliza kama amekula. Akajibu kwamba amekula nyenje wanne, mmoja baada ya mwingine, naye alikuwa hajala tangu Ijumaa.