Jesse Owens ni wa Alabama au wa Ohio?

Alabama, jimbo la kusini mwa Marekani, ikianza kutaja wanamichezo wake, majimbo mengine hunyamaza. Jesse Owens, mwanariadha wa dhahabu nne za Olimpiki ya Berlin 1936. Joe Louis, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949. Hank Aaron na Willie Mays wa besiboli. Carl Lewis, dhahabu tisa za Olimpiki. Wote walizaliwa humo.

Sasa uliza waling'ara wapi. Owens aliondoka kijijini Oakville akiwa na miaka kama tisa, familia ikahamia Cleveland, Ohio. Hata jina ni la huko: alimwambia mwalimu anaitwa J.C., mwalimu akasikia Jesse, basi likamganda. Louis alipelekwa Detroit akiwa mtoto. Lewis alikulia New Jersey, akanolewa Houston. Aaron alipoivunja rekodi ya Babe Ruth ya "home run", yaani mpigo unaoutupa mpira nje ya uwanja, kwa mpigo wake wa 715, tarehe 8 Aprili 1974, alikuwa Atlanta, jimbo la Georgia.

Ndiyo maana wapo wanaosema Alabama inavuna isipopanda. Hoja yao nzito. Wazazi wa Owens walilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, chini ya sheria zilizombagua mtu mweusi shuleni, kwenye basi na kwenye sanduku la kura. Chuo Kikuu cha Alabama, ambako futiboli ya Kimarekani ni kama dini, kilianza kuchezesha weusi katika mechi za ligi msimu wa 1971. Wahenga wetu husema mcheza kwao hutunzwa. Owens angebaki kwao angetunzwa na nani?

Lakini hoja hiyo inasahau kwamba Alabama si serikali yake tu. Mays alifunzwa besiboli na baba yake, aliyecheza timu za wafanyakazi wa viwandani pembezoni mwa Birmingham. Mwaka 1948, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alishavaa jezi ya Birmingham Black Barons, timu ya weusi ya besiboli, katika uwanja wa Rickwood. Na Mobile, mji mmoja tu wa bandari, umetoa Satchel Paige, Aaron na Willie McCovey, wote magwiji wa besiboli. Hiyo si bahati. Kulikuwa na viwanja vya vumbi, kaka wakubwa na timu za weusi zilizojiendesha zenyewe huku dola ikiwapa mgongo.

Tena Ohio nayo isijitie usafi. Owens alipokuwa chuo kikuu huko hakuwa na ufadhili, alifanya vibarua kujilipia, na kwa rangi yake alilazimika kulala nje ya chuo.

Kwa hiyo mimi nakubali dai la Alabama, ila nalikabidhi kwa Oakville, kwa Mobile, kwa wale waliobaki. Jimbo lenyewe linaweza kujivunia kitovu kilichozikwa kwake, mradi liseme pia kwa nini mwenye kitovu alihama. Makumbusho ya Owens yalifunguliwa Oakville 1996, miaka 16 baada ya kufa kwake.

Sisi huku hatuna haki ya kucheka. Mkimbiaji Stephen Cherono, mzaliwa wa Kenya, alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003 Paris kwa jina la Saif Saaeed Shaheen na bendera ya Qatar, Wakenya waligawanyika vilevile: msaliti, au kijana aliyefuata riziki? Tofauti ni kwamba Cherono aliondoka mtu mzima, kwa hiari. Owens alibebwa na wazazi.

Na mambo yamegeuka. Chuo kilekile cha Alabama leo kinawaita Wakenya. Mercy Chelangat alikipa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani, kisha Doris Lemngole akautwaa tena 2024. Wote wawili walijifunza kukimbia Kenya. Sijui Alabama itawaandika kwenye orodha ipi.