Aljebra ya Kwanza Nyumbani: Programu ya Ng'ambo au Kitabu cha Gredi ya 7?

Mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, mara nyingi hukwama mahali pamoja: Gredi ya 7, herufi zinapoingia kwenye hesabu. Mtoto aliyekuwa akijikongoja na nambari sasa anaona x na y, anafunga daftari. Mzazi anashika simu na kutafuta programu ya ng'ambo, ya vitabu au ya skrini, ya kumtayarisha kwa aljebra. Zipo nyingi, na karibu kila moja inamfaa mtoto wa aina fulani. Shida ni kwamba hununuliwa kabla mtoto hajapimwa.

Hesabu yenyewe haikwepeki tena. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza kuwa hisabati itakuwa ya lazima hata sekondari ya juu: wanaofuata mkondo wa sayansi wanasoma hisabati kamili, na wa mikondo mingine miwili wanasoma iliyopunguzwa uzito. Kwa hiyo pengo la Gredi ya 7 halitazibwa kwa kuchagua masomo mengine huko mbele.

Kabla ya shilingi moja kutoka, mpe mtoto karatasi na dakika 30, bila kikokotoo. Anza na maswali 40 ya kuzidisha, hadi 9 × 9, ukilenga dakika mbili, na uandike muda aliotumia. Halafu mpe haya: 1/2 + 1/3, robo tatu ya 20, 0.3 × 0.2, 20 − 3 × 4, 5 − 8, asilimia 15 ya shilingi 300. Usihesabu alama tu, soma makosa. Aliyeandika 2/5 kwenye swali la kwanza amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, na maana yake hajui sehemu ni nini. Aliyeandika 0.6 anaweka nukta kwa mazoea ya kujumlisha. Aliyepata 68 amesoma kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyosoma sentensi. Na aliyesema 5 − 8 ni 3 amegeuza swali kimyakimya, kwa sababu kwake nambari haiwezi kushuka chini ya sifuri.

Mtoto wa namna hii hana shida ya aljebra bado. Mpe x/2 + x/3 = 10 na utaona ni lile swali la 1/2 + 1/3 limevaa herufi. Anayejua kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika cha 2 na 3 ni 6 atafika kwenye 5x/6 = 10, kisha x = 12. Asiyejua atalaumu x.

Sasa tuje kwenye programu. Zinazotajwa zaidi na wazazi zina falsafa mbili zinazopingana, na kila upande una hoja nzito.

Saxon Math ya Marekani ni ya kurudiarudia. Kitabu chake cha 8/7, kinachotangulia aljebra, kina masomo 120, na kila somo huleta jambo dogo jipya kisha maswali mchanganyiko yapatayo 30, mengi yakiwa ya mambo yaliyokwisha kufundishwa. Faida yake ni kubwa: mtoto hasahau, maana sehemu alizojifunza wiki ya pili bado anakutana nazo wiki ya ishirini. Lakini mtoto mwenye mapengo huumia hapa. Kati ya maswali 30 anakosa 14, kazi ya saa moja inakuwa ya saa mbili na nusu, machozi yanaanza, na mzazi kwa huruma anasema, "Fanya yenye nambari witiri peke yake." Huruma hiyo ndiyo inayoharibu kitabu, kwa sababu marudio yamesambazwa katika maswali yote. Ukikata nusu, kuna mada ambazo mtoto atakutana nazo mara moja kwa wiki tatu. Ni heri kugawa somo moja katika siku mbili kuliko kulipogoa.

Math-U-See inaenda njia nyingine: jambo moja hadi lieleweke. Kitabu cha kutangulia aljebra kina masomo 30. Mtoto anatazama video, anashika vipande vya plastiki vya rangi, anafanya kurasa tatu za mazoezi ya jambo lile lile, kisha kurasa tatu za marudio. Aliyezoea kushindwa anaonja ushindi mapema, na hilo lina thamani kuliko tunavyodhani. Udhaifu wake ni usahaulifu. Leo amepata 18 kati ya 20 kwenye sehemu, baada ya wiki sita ameziacha njiani. Tiba ni rahisi: kila asubuhi maswali matano ya zamani kabla ya somo jipya, yaliyoandikwa na mzazi mwenyewe.

Kwa mtoto anayelemewa, sisi tunaegemea njia hii ya pili kwa miezi mitatu au minne ya kwanza, kisha maswali mchanganyiko yaanze kuongezwa. Kuchanganya mapema ni kumpima mtoto kitu ambacho hajafundishwa vizuri.

Zile za skrini zina haki yao pia. Khan Academy ni ya bure na ina kozi nzima ya utangulizi wa aljebra; inahitaji intaneti, lakini programu iitwayo Kolibri huweka video na mazoezi yake kwenye kompyuta yakatumika bila bando. Panapokatika stima mara kwa mara, hilo ni jambo la kupima. Tatizo la skrini ni kwamba mzazi anaona alama, haoni njia. Mtoto akikosa anajaribu tena, na akikosa tena anabahatisha. Sharti liwe moja: kila swali lifanywe kwanza kwenye daftari la miraba, hatua kwa hatua, ishara ya sawasawa ikiwa chini ya mwenzake, na mzazi akague daftari.

Je, kitabu cha Gredi ya 7 kilichoidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, kinatosha? Kinapatikana mjini, bei yake haina nauli ya meli wala ya ndege, kinatumia kilo, lita na shilingi, na kinafuata mtaala ambao mtoto atatahiniwa nao. Vitabu vya Marekani vitampotezea siku kadhaa kwenye inchi, futi na painti. Masomo hayo yapite haraka. Ila kitabu chetu kimeandikwa kwa darasa. Shughuli nyingi zinasema wanafunzi wafanye wawili wawili au kwa vikundi, na huyu wako yuko peke yake mezani. Maelezo ni mafupi, na mazoezi hayamtoshi mtoto anayehitaji kurudia jambo mara ishirini. Nunua mwongozo wa mwalimu pamoja nacho.

Kuna tofauti ya mpangilio pia. Programu nyingi za Marekani hufundisha nambari hasi kabla ya milinganyo. Mtaala wetu unaleta milinganyo Gredi ya 7, wakati nambari hasi zina mada yake Gredi ya 8. Anayelemewa afundishwe nambari hasi kwanza, hata kama kitabu hakijazifikia. Vipande vya plastiki vya kuagiza havihitajiki. Chukua punje za mahindi ziwe chanya, maharagwe yawe hasi. Punje moja na haragwe moja huuana. −3 + 5: maharagwe matatu, mahindi matano, jozi tatu zinaondoka, yanabaki mahindi mawili. Kwa 2 − (−3), weka mahindi mawili. Unatakiwa kuondoa maharagwe matatu na hayapo, kwa hiyo ongeza jozi tatu, ambazo thamani yake ni sifuri, kisha toa maharagwe. Yamebaki mahindi matano. Mtoto amefika mwenyewe kwenye ile kanuni ya hasi mbili bila kuikariri.

Kanuni nyingine ya kukariri imewaponza wengi: "Ikivuka inabadilisha alama." Kwa 3x + 5 = 20, mtoto anavusha 5 vizuri, anapata 3x = 15. Kisha anavusha na ile 3, inakuwa −3, na jibu lake ni 12. Mrudishe kwenye mizani ya sahani mbili, kama zile zilizokuwa dukani. Upande mmoja kuna mifuko mitatu ya mchele iliyofungwa, yenye uzito sawa, na jiwe la kilo 5; upande wa pili mawe ya kilo 20. Toa kilo 5 pande zote mbili. Mifuko mitatu ni kilo 15, basi mmoja ni kilo 5. Halafu arudishe jibu mahali pake: 3 × 5 + 5 ni 20. Lile 12 lingetoa 41. Zoea la kurudisha jibu halimo katika bei ya programu yoyote, na ndilo linalomfanya mtoto aache kumtegemea mzazi kusahihishiwa.

Lugha nayo isisahaulike. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini maelezo yanaweza kuwa ya Kiswahili, Kidholuo au Kiluhya, mradi mtoto arudie kwa Kiingereza. Maswali ya maneno ndiyo hasa mtego: Kiingereza husema tano pungufu ya nambari fulani, tano ikitangulia, na mtoto anaandika 5 − x badala ya x − 5.

Jambo la mwisho la kuulizia mapema ni usajili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na matokeo ya KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari ya chini iliyofanywa mara ya kwanza 2025, hujumuisha asilimia 20 ya KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi ya Gredi ya 6, asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ya mtihani wa Gredi ya 9. Zile tathmini za shuleni hutumwa na shule kwa KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Kwa hiyo anayekusudia mtoto arudi kwenye mfumo wetu azungumze na shule kabla Gredi ya 7 haijaanza, na kitabu cha KICD kiwe shina. Ya ng'ambo iwe ya kuziba mapengo. Anayelenga mitihani ya Cambridge anaweza kugeuza mpangilio huo.

Ukishachagua, kaa nayo wiki sita, dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kisha mpe ile ile karatasi ya mwanzo. Muda wa yale maswali 40 ya kuzidisha ukiwa umepungua kutoka dakika tano hadi mbili na nusu, na 1/2 + 1/3 ikitoka 5/6, endelea hata kama kitabu kinakuchosha. Makosa yakiwa yale yale, rudi nyuma gredi mbili ndani ya programu hiyo hiyo kabla ya kununua nyingine.