Mafunzo ya usalama baharini yapimwe kazini, si bwawani

Fomu ya tathmini huletwa siku ya mwisho ya kozi ya usalama kwa wafanyakazi wa majukwaa ya mafuta baharini, nywele bado zinachuruzika maji ya bwawa. Mkufunzi alieleweka? Vifaa vilitosha? Unatia alama, unachukua cheti kinachodumu miaka 4, unaondoka. Fomu hiyo inaonyesha kama uliridhika. Kama utaokoka, haisemi.

Mafunzo yenyewe siyabezi hata kidogo. Ukipinduliwa ndani ya kielelezo cha helikopta, kichwa chini, maji yakikuingia puani, unajua kwa nini unashika fremu ya dirisha kabla ya kufungua mkanda, na huiachii: ukiiachia, mwili unaelea na hujui tena pa kutokea. Lakini bwawani maji yametulia, na mzamiaji yuko karibu nawe. Halafu mkono husahau, na miaka 4 ni mingi.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha lililipuka katika Bahari ya Kaskazini na watu 167 wakafa. Wengi wao walikuwa wametii utaratibu: walikusanyika kwenye jengo la malazi kungoja helikopta, nayo haikuweza kutua kwa moto na moshi. Amri ya kuondoka haikutolewa. Waliookoka, wengi waliamua wenyewe kushuka au kuruka baharini. Inaniuma kila nikiikumbuka habari hii, kwa sababu utii ule ndio waliofundishwa.

Kwa hiyo mimi ningepima hivi: miezi sita baada ya kozi, king'ora kilie saa 9 usiku bila taarifa. Njia moja ya kutokea izibwe, na msimamizi aambiwe akae kimya. Nani ataongoza wenzake? Kuhesabu watu wote kutachukua dakika ngapi? Mashua ya uokoaji isishushwe ikiwa na watu ndani. Mazoezi ya namna hiyo yamewahi kuua.

Tena si king'ora peke yake. Maafa ya Piper Alpha yalianzia kwenye pampu iliyotolewa vali ya usalama kwa matengenezo. Zamu ya usiku haikuambiwa, ikaiwasha. Hapo ufundi wa kuogelea haukuhusika. Ningekaa kwenye makabidhiano ya zamu, nisikilize kama vibali vya kazi ambayo haijakamilika vinatajwa kimoja kimoja, au watu wanatia saini tu na kwenda kulala.