Mnagomea nini?

Mi mchora mabango, nikikosa aidia siendi kwenye kompyuta, naweka muziki wa dansi, solo na rizimu zikianza kujibizana mkono wenyewe unaanza kuchora. Kingine kinachonipa mzuka ni makava ya santuri za jazi za Blue Note, kampuni ya rekodi ya Marekani, yule dizaina wao Reid Miles kayafanya mamia mpaka 1967, jamaa anachukua herufi anaikuza mpaka inatoka nje ya kava, nusu yake huioni na bado unaisoma. Na wala hakuwa mpenzi wa jazi, mwenyewe alikuwa mtu wa klasiki! Halafu kuna mabango ya Medu, wale wasanii wa Gaborone, Botswana, wengi wao wakimbizi wa Afrika Kusini, walikuwa wanachapa kwa skrini, yaani wino unasukumwa kupitia kitambaa, kupinga ubaguzi mpaka jeshi la makaburu lilipovuka mpaka kuwavamia 1985.

Sasa yote hayo yamejaa kichwani, anakuja kiongozi wa bendi anataka bango la shoo.

Nikachonga ngumi kwenye lino, ile shiti laini unayoichonga kama mhuri, ngumi imeshika fimbo ya drams, maana ile mikwaruzo ya kisu kompyuta haikupi. Lino unachonga kinyume, ukichonga mkono wa kulia karatasini unatoka wa kushoto, kwa hiyo kichwa kinauma lakini raha yake usipime. Chini yake kwa skrini, wino mwekundu: NGOMA JUMAMOSI HII. Ile N nikaisukuma mpaka ukingoni ikabaki nusu tu, Reid Miles mtupu. Kiongozi wa bendi akaiangalia weee, akasema kaka hii kali.

Mzigo ukaenda kwa fundi wa mashine ya kukatia karatasi. Yule bwana ana roho nzuri kupita kiasi. Akaona kuna kamstari kekundu pembeni, akasema huyu dogo wino umemvukia, ngoja nimsitiri. Akapitisha kisu bunda zima. Vijana wa kubandika wakayachukua palepale, usiku wakazunguka nayo, na kwa kuwa wana akili wakayabandika mengi kwenye kuta za viwanda barabara ya Nyerere, si ndo kwenye watu wengi!

Asubuhi simu. Ofisi ya serikali ya mtaa, njoo haraka. Nafika nakuta bango limetandikwa mezani, mwenyekiti kanuna, pembeni yake bosi mmoja wa kiwanda anajifuta jasho. Naangalia bango. Ngumi juu. Wino mwekundu. GOMA JUMAMOSI HII.

"Kijana, mnagomea nini?"

"Shikamoo mzee. Hatugomi mzee, ni ngoma."

"Mnagomea ngoma?"

"Hapana mzee, ngoma yenyewe."

"Ngoma yenyewe imegoma?"

Bosi akadakia, "Na hii kiingilio 5,000 ni mchango wa mgomo siyo?" Nikaanza kuwaeleza habari za Blue Note, herufi inayotoka nje, nikaona sura zinazidi kukunjamana, nikaacha. Mzee mmoja aliyekuja kufuata barua ya utambulisho, mtu wa Lamu kabisa, akaniokoa kidogo, akasema goma ni mchezo wa kwao wa fimbo, na fimbo si hiyo hapo mkononi? Mwingine akauliza bendi inatoka Goma, Kongo? Nikasema ndiyo! Yaani ningekubali hata inatoka mwezini.

Nikampigia fundi. "Nimekusafishia mdogo wangu, ule uchafu ungekuaibisha," na akakataa kabisa kuongezewa hela.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Bendi haijawahi kuona umati ule. Shida nusu yao walikuwa wafanyakazi wa viwandani, wamelipa 5,000 zao, hawachezi, wamekaa wanasubiri hotuba, jamaa mmoja kaja na daftari la madai yameandikwa vizuri na posho ya usiku ipo namba moja. Saa mbili, saa tatu, jukwaa tupu. Nazunguka nyuma nakuta wapigaji wamekalia masanduku ya vyombo wanakula mihogo, mwenye ukumbi hajawapa advansi.

Nikamwambia mpiga drams, bro, watu wamejaa, ingieni basi.

Akatafuna kwanza, akamaliza, akanyoosha kidole kwenye bango ukutani.

"Kwani pale imeandikwaje?"