Ndoo Imenifuata Minneapolis

Nimezaliwa Tanga, kwenye nyumba ambayo bomba lilikuwa pambo, kama kabati la vyombo vya wageni. Maji yalikuja usiku wa manane, siku wanazotaka wenyewe, na yalianza kwa kutuma upepo: fyuu, fyuu, halafu kikohozi, halafu tope, ndipo maji. Nyumba nzima tunakurupuka. Ndoo, madumu, masufuria ya shughuli, mpaka beseni la kumwogeshea mtoto, vyote vinapanga foleni. Kwa hiyo nilipopata viza ya Marekani, wenzangu wakaota magari. Mimi niliota koki.

Na koki nikaipata. Nimenunua kijumba kikuukuu hapa Minneapolis, mkopo wa miaka 30, nitamaliza kulipa meno yakiwa kwenye glasi. Lakini maji yalikuwa yanatoka saa yoyote, ya moto kushoto, ya baridi kulia. Miezi ya mwanzo nilikuwa nafungua tu niyaangalie. Nikagawa ndoo zote, nikabakiza moja ya kudekia.

Sasa njoo Jumatano ile, tarehe 30 Januari 2019.

Uwanja wa ndege wa hapa ulipima nyuzi 28 chini ya sifuri kwa hesabu yao ya Farenihaiti, ambayo kwetu sisi watu wa Selisiasi ni kama 33 chini ya sifuri. (Usiniulize kwa nini hawa wenzetu maji yao yanaganda kwenye nyuzi 32. Nimeuliza, nikaangaliwa kama ndiye mwenye matatizo.) Shule zilifungwa. Hata posta ilisema siku hiyo haileti barua. Ukitoka nje ukavuta pumzi, vinyweleo vya puani vinashikana papo hapo, unahisi umenusa sindano.

Nimeamka alfajiri, nimetawadha bafuni bila tatizo, nimeswali, nimeshuka jikoni kuinjika chai. Nikafungua koki ya maji ya moto.

Fyuu. Kikohozi kimoja. Kimya.

Nilisimama pale na birika mkononi. Mlio ule naujua, nimekua nao, tumelala nao chumba kimoja. Yaani nimevuka bahari, nimehojiwa ubalozini, nimelipia ada za makaratasi mpaka nikauza shamba, mlio umekuja kunisubiri jikoni!

Jambo la kwanza nililofanya nalikiri kwa aibu: nilichungulia dirishani kuona kama jirani kabeba ndoo. Kwetu hicho ndicho kipimo. Jirani akibeba ndoo, tatizo ni la mtaa, unarudi kulala. Jirani yangu hakuwa amebeba kitu. Tatizo lilikuwa langu.

Koki ya baridi ilikuwa inatoa uzi. Ilipofika saa nne asubuhi, na uzi nao ukakatika. Maji yalibaki bafuni peke yake, ghorofa ya juu. Basi nikaitafuta ile ndoo ya kudekia, nikaisugua kwa sabuni, nikaanza kazi niliyoacha utotoni: kuchota juu, kushusha jikoni, kumwaga nusu kwenye ngazi. Niwaambie nilichofanya siku hiyo? Nimepanga foleni, na ndoo yangu, nyumbani kwangu mwenyewe, nje ya bafu langu ninalolilipia riba, nikimsubiri Zawadi mwenye miaka tisa amalize kuoga. Na hakuwa na haraka.

Mke wangu akauliza swali la haki kabisa. "Baba Zawadi, maji ya moto yatatanguliaje kuganda kabla ya yale ya baridi?"

Hapo nikapata nguvu, maana hilo ni la kwetu. Nikamweleza: huko Lushoto, shule ya sekondari Magamba, mwaka 1963, kijana anaitwa Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Akawahi nafasi kwenye friji, akaweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, na wake ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, shule ya Mkwawa kule Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Wenzake wakamcheka. Mwaka 1969 yeye na profesa mmoja, Denis Osborne, wakaliandika kwenye jarida la fizikia, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kama ni kweli na kwa nini. Mtoto wa Magamba huyo!

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Sawa. Na huyo Mpemba ndiye atakayetuletea maji?"

Nikaanza kupiga simu za mafundi bomba. Wa kwanza ni sauti ya kurekodiwa, ikinishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nao. Wa pili alisema ataweza kuja Jumamosi, na dola 250 ni za kuja kuangalia tu, hajashika kitu. Dola 250 za kuangalia! Kwetu kuangalia ni bure, tena watakuja kumi, na kila mmoja atatoa ushauri na kudai chai.

Katikati ya simu hizo ikaingia ya mama. Tanga ilikuwa saa moja jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nabeba ndoo, mama."

Kimya. Nilisikia redio yake kwa nyuma. "Ndoo? Hukohuko Marekani?"

"Maji yameganda ndani ya bomba."

Nilitegemea atashangaa. Nilisahau naongea na nani. Mama yangu amesomesha watoto watano kwa friza moja, akiuza barafu za ukwaju na ubuyu kwenye vifuko vya nailoni. Kuhusu kuganda kwa maji hana wa kumfundisha. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Bomba limepasuka au bado?"

"Bado."

"Basi mshukuru Mungu, na ufungue koki uiache wazi. Umesahau zile chupa za soda? Nilikuwa nawaambia msijaze mpaka shingoni, nyie mnajaza. Asubuhi chupa imepasuka, friza imejaa vigae, nani anapigwa? Maji yakiganda yanataka nafasi. Yape nafasi."

Nilikuwa nimefunga koki zote mbili, tena nimezikaza kwa hasira.

Baadaye nikampata fundi mmoja kupitia rafiki wa msikitini, Msomali aliyekulia Mombasa, Kiswahili chake cha kule kinateleza. Alikuwa na nyumba kumi na moja mbele yangu, lakini akanisaidia kwenye simu bila malipo. Alichosema ndicho kilekile cha mama, kwa maneno ya ufundi. Maji yakiganda hutanuka, kiasi cha asilimia 9 hivi. Mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inasukuma maji kuelekea koki iliyofungwa, maji yanabanwa hayana pa kwenda, ndipo bomba linaachia. "Fungua koki bwana, kisha anza kupasha joto karibu na koki, urudi nyuma taratibu, ili yanapoyeyuka yawe na njia ya kutoka. Moto wa wazi usilete kabisa, utaunguza nyumba. Na koki kuu ya nyumba yako iko wapi?"

Nikasema ipo.

"Najua ipo. Iko wapi?"

Ndugu zangu, ilinichukua dakika arobaini. Ilikuwa chini kabisa, chumba cha ardhini, nyuma ya mabegi sita ya nguo tunazokusanya kutuma nyumbani kwa kontena tangu Zawadi yuko chekechea. Laiti bomba lingepasuka, ningeogelea nikiyahamisha mabegi.

Hapo nikawa na wazo zuri la jiko langu la mkaa, lile la nyama choma. Siyo moto wa wazi, nikasema, ni makaa. Mke wangu akakaa mlangoni. Akasema mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha unaua watu wamelala, na kama nataka kufa yeye hana neno, ila nife baada ya kumaliza mkopo. Akanikabidhi draya yake ya nywele, ile ya saluni anayowahudumia wenzake Jumamosi, kwa masharti mengi kuliko ya benki.

Nikalala chali chini ya sinki, kichwa ndani ya kabati, miguu sebuleni. Tochi mdomoni. Na hapo ndipo nilipomwona mbaya wangu. Bomba la shaba la maji ya moto limepita limegusana na ukuta wa nje, upande wa kaskazini, na limeota manyoya meupe ya barafu, mafupi, kama ndevu za mzee aliyenyoa juzi. Pembeni yake kuna tundu ukutani, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, waya wa intaneti unapita. Fundi aliyekuja kuuvuta alitoboa, akapitisha, akaenda zake, hakuziba. Nikaweka kidole. Upepo wa Minnesota yote ulikuwa unaingia nyumbani kwangu kupitia tundu lile! Mimi nalipia joto la nyumba kumbe nawapashia joto sungura wa nje.

Nikalisindilia soksi. Nikawasha draya. Dakika ishirini, hakuna. Nusu saa, shingo imekakamaa. Zawadi akaja akachuchumaa, akaniuliza kama bomba linasetiwa nywele. Saa nzima. Kisha nikasikia juu yangu: tik. Tone. Tik, tik. Halafu kikohozi, fyuu, fyuu, ikamwagika! Nilipiga kigelegele, mwanaume mzima, na kichwa nikakigonga kwenye sinki.

Usiku ukaja na maelekezo yake. Fundi alikuwa amesema: milango ya kabati iache wazi joto liingie, ongeza joto la nyumba, na koki iache idondoke kidogo usiku kucha. Wakati huohuo kampuni moja ya gesi ya hapa Minnesota nayo inaomba wateja wake washushe joto la nyumba hadi nyuzi 63, ambazo ni kama 17 za kwetu, maana gesi imezidiwa. Huyu anasema pandisha, yule anasema shusha. Nikavaa kofia, nikaliacha lilivyo.

Ila la koki kudondoka ndilo lililonishinda moyoni. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa na sikio la koki. Yuko barazani anacheza bao, tone moja likianguka uani anakuita kwa majina yako yote matatu. "Maji nimekesha nayachota, wewe unayamwaga?" Leo nimelala kitandani, nasikiliza maji safi yanadondoka tone kwa tone kwenye sinki, kwa makusudi, na mita inazunguka. Tik. Tik. Nilijifunika blanketi la pili. Tik. Mke wangu anakoroma kwa raha zake; kwao walikuwa na kisima.

Saa tisa usiku nakumbuka niliamka kwenda msalani. Nakumbuka sakafu ya jikoni ilikuwa baridi, ingawa msalani siyo jikoni. Baada ya hapo nililala usingizi mzito, mtamu, wa mtu asiye na deni.

Alfajiri mke wangu akashuka kwanza. Nikasikia kikohozi kimoja, kisha kimya.

"Baba Zawadi! Nani kaikaza hii koki?"

Nikamwangalia Zawadi. Zawadi akaniangalia mimi. Nikaenda bafuni kuchukua ndoo.